Askari wa kaburini na macho aliyoyakataa Shangazi

"Mama, umewatia macho hawa."

Shangazi alisema hivyo Jumapili jioni, kompyuta yenye picha yangu ya askari wa kuchongwa kwenye jiwe ikiwa mezani katikati ya sahani ambazo hazijatolewa, na leo ni Ijumaa, neno lake bado linanizunguka kichwani. Wiki yenyewe imejaa: Baba Watoto amesaini mkataba, mimi nimerudishwa zamu ya usiku, matokeo ya mkubwa yametoka na tunamshukuru Mungu. Yote yamepita. Lililobaki ni lile neno la mtu aliyefundisha shule ya Jumapili usharikani mpaka magoti yakakataa.

"Sijawatia, Shangazi. Ni mwanga tu, umepita ubavuni."

"Mimi nilisimama pale. Nimewaangalia mmoja mmoja. Hawana macho."

"Yalikuwepo, yamelika kwa mvua."

"Askari wa kaburini walitetemeka, wakawa kama wafu. Hawa wako macho kabisa."

Kisha akaomba chai.

Picha yenyewe ni ya paneli (mchongo wenye fremu yake) ya chini kabisa, uso wa magharibi wa Msalaba Mrefu wa Monasterboice, msalaba wa jiwe wa kale, kaskazini ya Drogheda, kaunti ya Louth, Ireland. Mahali pale palikuwa monasteri ya Mtakatifu Buithe, aliyefariki karibu mwaka 521, lakini misalaba ilichongwa karne kadhaa baadaye, katika karne ya 9 na ya 10. Huu Mrefu una karibu mita 7, na hakuna mwingine wa aina yake Ireland unaoufikia. Jirani yake, Msalaba wa Muiredach, ni mfupi kidogo, ila umehifadhika vizuri zaidi: chini yake bado yanasomeka maandishi ya kumwombea Muiredach aliyeufanyiza, na paka wawili wamelala hapo hapo penye maandishi. Yote miwili ni ya mchangarawe, jiwe la mchanga ulioshikamana. Huu Mrefu umelika sana, hasa sehemu ya chini, na askari wanaolinda kaburi la Yesu wako chini kabisa.

Sasa nieleze picha ilivyopigwa, maana neno la Shangazi linagusa hapo hapo.

Paneli iliyolika haisomeki mchana wa mawingu. Mwanga unatoka kila upande, hakuna kivuli, jiwe lote linakuwa rangi moja ya kijivu pamoja na madoa meupe na ya njano ya likeni, ile kama ukoga inayoota juu ya mawe, yanayovuta jicho kuliko mchongo. Dawa yake ni mwanga wa ubavuni: flashi iliyotengwa na kamera, juu ya stendi, ikiangaza sambamba na uso wa jiwe. Napiga jioni chini ya mawingu mazito, ISO 100, tundu f/8, shata 1/200. Kwa vipimo hivyo mwanga wa anga peke yake unatoka hafifu sana, na kivuli chote kinachoonekana ni cha flashi. Flashi naiweka kwenye nguvu yake yote, kwa sababu mwanga ukilala nyuzi 10 tu juu ya jiwe, jiwe linapokea chini ya moja ya tano ya mwanga ambao lingepokea kama flashi ingekuwa mbele yake moja kwa moja.

Pembe siikadirii kwa macho, naipima kwa kamba. Kutoka katikati ya paneli naenda mita 3 pembeni, nikifuata uso wa msalaba. Kutoka hapo natoka nje kwa sentimita 53: hizo ni nyuzi 10. Nikitoka mita 1.09 ni nyuzi 20, mita 1.73 ni nyuzi 30. Mita 3 zina sababu yake. Ukiisogeza flashi mpaka nusu mita kutoka ukingo wa paneli yenye upana wa sentimita 60, ukingo wa karibu unapata mwanga karibu mara 10 ya ule wa mbali, na nusu ya picha inaungua. Ikiwa mita 3, tofauti haifiki mara mbili, na hiyo inarekebishika. Umbali huo pia unalilinda jiwe. Upepo wa kule hauna huruma, na stendi ikianguka lazima iangukie nyasi. Kwa hiyo sikubali ikae karibu na msalaba kuliko urefu wake, na chini yake nafunga chupa ya maji ya lita 5.

Ya Jumapili ilikuwa ya nyuzi 10. Ndiyo pembe inayofukua kila kitu, na ndiyo iliyowatia macho.

"Umewatia macho." Nimelisikia nikiendesha gari, nimelisikia nikigawa dawa saa tisa usiku. Mwisho nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Mahali pa jicho sasa ni kishimo tu. Chukua kina cha milimita 3. Mwanga wa nyuzi 10 ukigonga ukingo wake, kivuli kinalala milimita 17, kishimo chote kinajaa giza, na mtazamaji anaona mboni. Kwa nyuzi 20 kivuli ni milimita 8. Kwa nyuzi 30 ni 5, na hapo unaona kishimo, huoni jicho. Hesabu hiyo hiyo inatumika kwenye fremu inayozunguka paneli: ikiinuka sentimita 3, kwa nyuzi 10 inatupa kivuli cha sentimita 17 juu ya mchongo, na mtu wa pembeni anamezwa mzima. Kwa nyuzi 30 kivuli hicho hicho ni sentimita 5.

Kwa hiyo Shangazi alikuwa anasema jambo la vipimo bila kushika rula. Lililoniuma ni kwamba mimi huipenda sana picha ya nyuzi 10. Inasisimua. Ukimwonyesha mtu jiwe analolijua kama gogo la kijivu, kisha ukamwonyesha nyuso zimejitokeza, anashika mdomo. Shangazi hakushika mdomo. Aliukumbuka uso wa askari kama alivyouona kwa macho yake, akauweka kando ya picha, akakataa.

Jumatano kabla ya zamu nikaenda tena, jua lilikuwa limetoka.

Jua kwenye misalaba hii lina ratiba, na anayetaka kupiga picha aijue kabla hajajaza mafuta. Nyuso mbili kubwa zinatazama mashariki na magharibi. Jua likiwa kusini kamili linalala sambamba na nyuso zote mbili, linatoka ule wa mashariki linaingia ule wa magharibi. Monasterboice, mapema Aprili, hiyo ni karibu saa saba na nusu mchana, si saa sita, kwa sababu saa za majira ya joto zimeshaanza na Ireland iko magharibi ya mstari wa Greenwich. Baada ya hapo pembe inaongezeka karibu nyuzi 15 kila saa. Uso wa magharibi basi unapata nyuzi 10 hadi 25 kuanzia kama saa nane na dakika kumi mpaka saa tisa na dakika kumi. Uso wa mashariki ni kabla: tangu saa sita kasoro dakika kumi mpaka saa saba kasoro dakika kumi. Wanaofika saa moja jioni wakisifu mwanga wa dhahabu wanaupata uso wa magharibi umeangazwa kwa mbele, bapa kabisa. Ubavu wa kaskazini wakati wa baridi hauguswi na jua. Huo ni wa flashi, au wa asubuhi na mapema mwezi wa Juni.

Nilipiga paneli ile ile kwa jua la upande wa kusini, kisha mawingu yaliporudi nikapiga kwa flashi kutoka kaskazini, kwa nyuzi 10, 20 na 30, na moja bila flashi kabisa. Kamera haikusogea kwenye tripodi, lenzi haikuguswa, fokasi nimeifunga. Jiwe silisafishi, sililowanishi, wala siligusi kwa chaki. Zamani watu walijaza chaki kwenye michongo ili isomeke kwenye picha, lakini anayejaza ndiye anayeamua mstari unapita wapi, na brashi inang'oa likeni pamoja na punje za mchangarawe.

Nyumbani nikazipanga picha zote juu ya nyingine, nikawa nazipitisha haraka haraka. Macho yakahama! Mwanga wa kusini unayaweka upande mmoja wa kishimo, wa kaskazini unayavuta upande wa pili, na kwenye nyuzi 30 hayapo. Mabega hayakuhama. Mstari wa vichwa haukuhama. Kinachobaki mahali pake mwanga unapohama kimechongwa. Kinachoufuata mwanga ni kivuli. Nimeyajua hayo muda mrefu kwa mawe ya watu wengine, lakini kuyaona kwa askari hawa niliobishaniwa kulinipa furaha ambayo sikuitegemea. Nilimwita Shangazi kabla hata ya kuvua koti.

"Shikamoo Shangazi, njoo uone."

"Marahaba. Wamelala?"

"Wamelala."

Aliangalia muda mrefu, akataka nirudie ile inayohama, nikarudia. Halafu akawaacha askari wangu, akafungua mwenyewe picha nyingine, ya uso wa mashariki wa Muiredach, penye Hukumu ya Mwisho. Hiyo ni ya jua la kabla ya saa saba. Kwenye uso ule mwanga unatoka juu kushoto, na jicho la mtu husoma mchongo kwa urahisi zaidi ukiangazwa hivyo. Nikamwonyesha Mikaeli na mizani ya roho.

"Namwona," akasema. "Na huyu aliyelala chini anaichokoa mizani kwa fimbo. Shetani huyu, anataka kuiba." Sikuwa nimemwambia. Alicheka mpaka akashika ubavu, akasema watoto wa shule ya Jumapili wangeipenda hiyo kuliko picha zote walizowahi kuonyeshwa, na kwamba anayo mahali pa kuitundika.

Tangu jana nimeanza kurudia maelezo ya picha zote za zamani: pembe ya mwanga, upande ulikotoka, jua au flashi, na kando ya kila picha ya nyuzi 10 naweka ya mawingu, jiwe kama anavyolikuta mtu anayepita. Kazi ni kubwa. Za msalaba wa Moone ni rahisi kidogo, kwa sababu ule ni wa matale (graniti) na watu wake wamechongwa bapa, wazi, hata mitume 12 wa chini wanahesabika mchana wowote. Shida yake ni chembe zinazometa flashi ikiwa karibu. Za Clonmacnoise, monasteri nyingine ya kale, lazima nizitenge mafungu mawili, maana misalaba ya asili ilihamishiwa ndani miaka ya mwanzo ya 1990 na iliyosimama nje ni nakala, na picha isiyosema hivyo inampotosha msomaji.

Shangazi anataka Mikaeli kwa ukubwa wa sentimita 40 kwa 60, na nyingine ya Msalaba Mrefu mzima, "usioinama kama unaanguka". Hiyo ipo: lenzi ya milimita 50, kamera wima na sawa bila kuinua pua, mita 16 nyuma, kisha nakata nyasi na makaburi ya chini. Nitazikunja kwenye bomba la karatasi ngumu, ziingie kwenye begi la mkononi.

Ndege yake ni Jumapili alfajiri, na gari tangu juzi linatoa mlio gurudumu la mbele kushoto, unaozidi nikikata kona kulia. Baba Watoto anasema ni beringi. Fundi hana nafasi mpaka Jumanne, teksi kutoka huku kwetu hadi uwanja wa ndege saa tisa usiku sijui nitaipata kwa nani, na Shangazi ana mabegi mawili makubwa.