Siku moja maishani mwangu: mjiolojia asiyetafuta dhahabu

Saa 11 alfajiri, Kimara, Dar es Salaam. Simu inalia, naizima. Buti ziko mlangoni na tope la jana limeshakauka. Nikizigonga ukutani, nusu kilo ya Upanga inaanguka kwenye kibaraza cha mwenye nyumba. Nafagia haraka kabla hajaamka.

Saa 1:30 asubuhi, saiti. Ni kiwanja cha Upanga kilichovunjwa nyumba ya zamani, linakuja ghorofa. Kabla ya nondo ya kwanza kushuka, mtu lazima aseme chini kuna nini, na mtu huyo ni mimi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba injinia."

Babu ndiye anayeendesha mashine ya kuchoronga. Nimemwambia mara nyingi kwamba mimi si injinia, ni mjiolojia. Anasema wote tunavaa kofia. Wapita njia nao wana swali lao moja tu: "Dada, kuna dhahabu?" Nikijibu kwamba ni mchanga, wananionea huruma waziwazi.

Kazi yenyewe ni ya kuhesabu. Nyundo ya kilo 63.5 inainuliwa sentimita 76 na kuachiwa, inagonga bomba lililo ndani ya shimo. Sentimita 15 za kwanza hazimo kwenye jibu, maana udongo wa hapo umeshavurugwa na mashine. Tunahesabu mapigo ya kushusha bomba sentimita 30 zinazofuata. Mapigo yakiwa machache, udongo ni legelege. Yakifika 50 na bomba bado linagoma, tumekutana na kitu kigumu. Leo asubuhi, mita tatu chini, maji ya ardhini tukiwa tumeshayapita, tumepata mapigo sita tu.

Saa 3, chai. Mama lishe wa jirani ananimiminia chai na kuniuliza kile anachoniuliza kila tukikutana.

"Mwanangu, lile la mwaka ule litarudi?"

Anamaanisha tetemeko la Jumatano ya 12 Agosti 2020, saa mbili na ushei usiku. Alikuwa anaosha masufuria, maji yakaanza kucheza yenyewe kwenye beseni. Kabla hajaelewa, majirani wa ghorofani walishafika chini, wengine na taulo tu.

Namwambia kitovu cha tetemeko lile kilikuwa baharini, kusini-mashariki mwa jiji, na ukubwa wake ulikaribia 6. Lile la Kagera la 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9. Kwa namba ni mapacha. Lakini Kagera watu zaidi ya kumi walikufa na nyumba nyingi zikaanguka, sisi tulikimbilia nje na kupigiana simu. Namba ile inapima nguvu iliyotoka kwenye ufa, haisemi wewe ulikuwa wapi. Ngoma ikipigwa chumbani kwako na ikipigwa mtaa wa tatu ni ngoma ileile, usingizi ndio tofauti.

"Kwa hiyo bahari ilitusitiri," anasema.

Siku ile, ndiyo. Sikumkumbusha 26 Desemba 2004, wimbi lilipotoka Sumatra likavuka bahari yote na kuua watu waliokuwa wakiogelea hapahapa Dar.

Swali la kama litarudi halina tarehe, ila sababu yake ninayo. Nachukua chapati yake na kuivuta taratibu pande mbili. Inaanza kwa kuwa nyembamba katikati, halafu inachanika, tena si mahali pamoja. Afrika Mashariki inavutwa hivyo. Upande wetu umebebwa na bamba la Somalia, yaani kipande kikubwa cha ganda la nje la dunia, bara lililobaki liko kwenye bamba la Nubia, na kati yao kuna vipande vidogo visivyojua viende na nani. Mchaniko mmoja ni ule wa Ziwa Tanganyika, mwingine ni wa Natron na Manyara, na nyufa nyingine zimo chini ya bahari hii mbele yetu. Kasi yake ni milimita chache kwa mwaka: kucha yako inakua kwa mwezi mmoja kiasi ambacho Bonde la Ufa linapanuka kwa mwaka. Mwamba hautelezi kama chapati yenye mafuta. Unang'ang'ania miaka na miaka, halafu unaachia kwa sekunde chache, na sekunde hizo ndizo zilizochezesha maji kwenye beseni.

"Sasa hiyo utalipia," mama ananionyesha chapati iliyochanika. Nimelipa.

Saa 5. Kijana wa kuhesabu alikuwa amefika "kumi na tatu, kumi na nne" simu yake ikalia. Akatazama. "Kumi na nne... au sita?" Kipimo kimekufa. Kina hicho huwezi kupiga tena, udongo umeshachomwa. Babu hakusema neno, na kwa babu hilo ni baya kuliko matusi. Nimeandika "hakuna jibu" kwenye fomu, ingawa kulikuwa na sauti ya kunishauri niandike kumi na tano.

Mita ya sita imenisahaulisha. Bomba la sampuli linafunguka pande mbili kama ganda la karanga. Ndani mchanga wa kijivu unang'aa kwa maji, una harufu ya ufukwe maji yakiwa yamekupwa, na katikati kuna kombe moja dogo la baharini, kama ukucha wa mtoto. Bahari ilikuwa hapa. Na si kwamba ilisimama hapo tangu wakati huo: miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa imefungia maji mengi nchi za baridi, bahari ilishuka kama mita 120. Kutoka Bagamoyo ungekwenda Unguja kwa miguu, bila boti wala tiketi.

Saa 7 mchana. Msimamizi wa mwenye jengo amekuja kuuliza kwa nini nguzo zishuke chini kote huko, wakati jirani kajenga na hajafa. Sikubishana. Nilijaza ndoo mchanga wetu wa asubuhi, nikaongeza maji mpaka karibu juu, nikaweka jiwe. Jiwe likakaa imara. Nikaanza kugonga ndoo kwa viganja, haraka haraka, kama tetemeko. Maji yakapanda juu, mchanga ukawa uji, jiwe likainama na kuzama polepole.

Chembe za mchanga hubebana kwa kugusana. Zikitikiswa zinataka kusogeleana, maji ya katikati hayana pa kukimbilia, basi yanabeba mzigo yenyewe, na maji hayabebi ghorofa. Msimamizi aliangalia ndoo muda mrefu, kisha akampigia mtu simu akiwa amenipa mgongo.

Saa 9. Mvua, tumejibanza chini ya turubai. Kijana wa simu anataka kujirudisha kundini kwa swali: volkano je, itatufikia? Ol Doinyo Lengai iko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, nikamwambia, alale. Ila mlima ule una vituko. Lava yake ina soda badala ya mawe ya kawaida, inatoka na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi wakati lava nyingi huzidi 1,000. Inatoka nyeusi, ikikaa hewani inageuka nyeupe. Ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kumwaga lava ya namna hiyo siku hizi. Mwaka 2007 ilipochachamaa, matetemeko yake yalitoa watu maofisini Nairobi.

"Na hiyo si dhahabu?" akauliza.

Saa 12 jioni, mwendokasi. Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili, ameniandikia kwamba miaka bilioni 4.54 ya dunia haimwingii kichwani. Haimwingii mtu yeyote. Nikamrekodia sauti njia nzima: chukua Barabara ya Morogoro. Morogoro mjini dunia inazaliwa, Posta ni leo. Kilomita moja ni miaka milioni 24, mita moja ni miaka 24,000. Miamba ya zamani ya Mwanza na Geita inapoa huko karibu na Chalinze. Tanzanite ya Mererani inaundwa Kibamba. Wale dinosaria wa Tendaguru, Lindi, wanatembea Magomeni ukielekea Manzese. Nyayo za mababu wa binadamu kule Laetoli ziko mita 150 tu kabla ya kituo cha mwisho. Binadamu wa aina yetu hawajazi hata basi refu. Na jiji lenyewe, alilolianzisha Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, ni milimita saba.

(Njia hiihii ina kituo kinaitwa Kagera na kingine kinaitwa Kibo. Sikuvipanga mimi.)

Jibu limeingia nikishuka Kimara: "Mama mdogo, na bibi yuko wapi?"

Mama yangu ana miaka 82. Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama kwenye ngazi za kituo. Milimita tatu na nusu.

"Usimwambie," nikamwandikia.