Khumjung, Msimu wa Kupanda Viazi

Wageni wengi wanaoelekea kambi ya chini ya Mlima Everest hufika Khumjung, kijiji cha milimani nchini Nepal, mchana, hunywa chai, hupiga picha mbili tatu, kisha hurudi kulala Namche, mji mdogo ulio chini yake. Sababu yao ni ya msingi: Namche iko mita 3,440 juu ya usawa wa bahari na Khumjung mita 3,790, na kupanda mchana ili ushuke kulala chini huusaidia mwili kuzoea hewa haba. Mimi niliomba kulala huko huko. Nilitaka kukiona kijiji kikiwa kimebaki na wenyewe, na Aprili ulikuwa mwezi mzuri kwa nia hiyo, kwa kuwa ndipo viazi vinapopandwa.

Ukitoka Namche unapandisha mlima mkali hadi kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Syangboche, ambao ni kipande cha udongo tu kilichosawazishwa, halafu unavuka kilima na bonde linakufungukia lote kwa mara moja. Nyumba ni za mawe, mabati yamepakwa rangi ya kijani, na kila shamba limezungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, ili yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa huku, wasiingie. Nyuma ya kijiji umesimama Khumbila, mlima wa mita 5,761 ambao haupandwi, kwa sababu Washerpa, wenyeji wa milima hii, wanaamini kwamba ndiyo makao ya mungu mlinzi wa eneo lote la Khumbu. Katika nchi inayowauzia wageni vibali vya kupanda vilele, nilifurahi kukuta kimoja ambacho bado hakina bei.

Mwenyeji wangu, ambaye mwongozaji wangu alimwita Didi, yaani dada mkubwa, nami nikamfuata, alikuwa shambani na majirani zake. Walifanya kazi wawili wawili: mmoja anafukua kishimo kwa jembe la mpini mfupi, mwenzake anadondosha kiazi na konzi ya mbolea, na kabla hajainua mkono jembe limekwisha kufukia na kusogea mbele. Mbolea ile ilikuwa nyeusi, laini, haina harufu kali, na nilipouliza inatoka wapi Didi alinionyesha choo cha nje. Ni kibanda cha orofa mbili. Juu kuna tundu kwenye sakafu ya mbao na lundo la majani makavu ya msonobari, na kila anayejisaidia hufunika kwa majani hayo. Mchanganyiko huo huoza kwa muda mrefu, hutolewa kwa chini, huchanganywa na samadi ya mifugo na kupelekwa shambani. Kwa hiyo hata mtalii aliyelala usiku mmoja anaacha mchango wake katika viazi vya mwaka huu, jambo ambalo wanawake wale walilisema kwa kicheko kirefu na ambalo mwongozaji alinitafsiria kwa aibu.

Kwa mtu wa Moshi, kinachoshangaza hapa ni kimo. Vibanda vya Horombo, kwenye njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro, viko mita 3,720, karibu sawa na Khumjung. Kwetu, kimo hicho ni cha mgeni, mwongozaji na wapagazi wanaolala na kuondoka. Hakuna anayelima, hakuna mtoto anayezaliwa, kwa kuwa mashamba na migomba yetu yameishia mbali sana chini. Huku mtu huzaliwa kwenye kimo hicho, husoma, huoa na huzeeka. Njia ya watalii inapita katikati ya maisha ya watu, nami nilijiona kama mtu aliyekatiza uani kwa jirani.

Maisha hayo hayakuanza na utalii. Mababu wa Washerpa walitoka mashariki mwa Tibet karne nyingi zilizopita, na kwa muda mrefu watu wa Khumbu walivusha bidhaa kwenye Nangpa La, njia ya juu mlimani ya kuvukia kwenda Tibet: nafaka zikienda Tibet, chumvi na sufu zikirudi. Viazi vilifika katika karne ya 19 na vikawa chakula kikuu. Baada ya mwaka 1959, China ilipobana mpaka, biashara ile ilidhoofika, na kazi za kuwasindikiza wapanda milima zikaziba sehemu kubwa ya pengo. Ndiyo maana niliona wanaume wachache sana shambani, maana Aprili ni msimu wa Everest pia. Tarehe 18 Aprili 2014 poromoko la barafu liliua wafanyakazi 16 wa Nepal kwenye njia ya mlima huo, na siku niliyokuwa shambani Didi, ambaye mumewe alikuwa kambini, aliweka simu yake juu ya ukuta wa shamba mahali inaposhika mtandao, akiitazama kila alipofika mwisho wa mstari.

Asubuhi niliona watoto wakimiminika kwenye shule iliyoanzishwa mwaka 1961 kwa juhudi za Edmund Hillary, mpanda milima maarufu wa Everest, wengine wakitoka Namche kwa miguu, mlima ule ule ulionitoa jasho. Nilipita pia kwenye hekalu la Kibudha linalohifadhi kile kinachodaiwa kuwa ngozi ya kichwa cha yeti, kiumbe wa hadithi za milima hii. Hillary aliisafirisha mwaka 1960 ikachunguzwe, akiandamana na mzee wa kijiji, Khunjo Chumbi, na wataalamu wakasema imetengenezwa kwa ngozi ya mnyama wa jamii ya mbuzi. Bado imefungiwa kabatini, na wageni bado wanalipa kuiona. Mimi nililipa.

Chakula cha jioni kilikuwa chapati nene ya viazi vilivyoparuzwa, ikiwa na siagi na pilipili iliyotwangwa, tena pilipili isiyo na mzaha. Chumba kilikuwa cha bei nafuu, na nilielewa kwamba nyumba za wageni huku hutegemea zaidi mauzo ya chakula. Kwa hiyo anayelala hapa na ale hapa hapa. Hahitaji hata kurudi Namche, kwani kutoka Khumjung kuna njia inayoteremka hadi mtoni Phunki Tenga, kisha inapanda moja kwa moja kwenda Tengboche, kituo kinachofuata kwenye njia ya Everest.