Ujasiri wa Sura ya Tano

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tunasoma Nehemia, sura ya 3 hadi ya 6, habari za Myahudi aliyeongoza kuujenga upya ukuta wa Yerusalemu.

Tunaisoma tukiwa Kisauni, hapa Mombasa, ambako jua likizama akina mama hungojana ili warudi nyumbani pamoja, na wanakwaya huulizana kwanza njia ipi ni salama. Wale vijana wenye mapanga si wageni kwetu. Baadhi yao tuliwafundisha shule ya Jumapili. Kwa hiyo sitawaambia msiogope, kana kwamba hakuna la kuogopwa. Nehemia mwenyewe aliingiwa na hofu kuu mbele ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, na hakuificha. Katika hofu hiyo hiyo alimwomba Mungu, akafungua kinywa kuomba ruhusa ya kwenda kujenga. Na adui zake Sanbalati na Tobia walipokula njama ya kuwavamia wajenzi, watu waliomba na wakaweka walinzi, mchana na usiku. Kuomba hakukufuta zamu.

Nawapenda sana watu wa sura ya 3. Wafua dhahabu wako ukutani. Mtengeneza marashi yuko ukutani. Shalumu yuko pale na binti zake. Mikono iliyozoea kazi laini ilibeba mawe, tena huku adui akitazama. Wangesubiri amani ndipo waanze, ukuta usingesimama.

Mji wetu umewahi kuona ujasiri wa namna hii. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga hapa Mombasa, miezi michache tu baada ya kufika. Alikuwa ameshaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Msiba haukuikatisha kazi. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka uliotangulia.

Lakini moyo wangu umekwama kwenye sura ya 5, ambayo huwa tunairuka tukikimbilia ushindi wa sura ya 6, ukuta unapokamilika. Panga la adui liko nje, na ndani ya ukuta watu wanalia. Njaa imewafanya waweke rehani mashamba na nyumba zao, watoto wao wanaingia utumwani, na wanaowadai ni ndugu zao, Wayahudi wenzao. Nehemia akakasirika. Akashauriana kwanza na nafsi yake, kisha akawakabili wakuu uso kwa uso, mbele ya mkutano. Wakanyamaza, hawakuwa na la kujibu. Wala hakujitoa lawamani: alisema yeye na ndugu zake nao wamekopesha, na akasema sote tuiache riba hii.

Kumkemea Sanbalati ni rahisi, wote watakupigia makofi. Kumkabili mzee wa kanisa anayekudai, au aliyemdai jirani yako, ndiko kugumu. Tunavijua vyama vyetu vya kuweka na kukopa. Dada mshonaji akichelewesha rejesho anaongezewa faini juu ya riba, mwishowe cherehani yake inachukuliwa, na anayeibeba ni mtu aliyeimba naye Jumapili. Hapo kazi ya mikono aliyompa Mungu imesimama, na hakuna adui aliyevuka daraja la Nyali kuja kuisimamisha. Tunakaa kimya tukisema tunalinda umoja. Mimi nasema umoja wa aina hiyo unamlinda mdai peke yake.

Nehemia aliwataka wakuu hao warudishe mashamba, nyumba, na ile riba ya sehemu moja ya mia waliyotoza. Wakasema, “Tutarudisha.” Yeye akawaapisha mbele ya makuhani, maana ahadi ya mkutanoni husahaulika mlangoni.

Ee Bwana, uitie nguvu mikono ya mafundi, washonaji na watunzi wetu. Uwalinde wanaorudi usiku. Utupe kinywa mbele ya ndugu zetu. Amina.

Jumatano jioni tutasoma sura ya 5 yote, tukianza mapema ili watu wawahi kurudi. Waweka hazina wa vyama, tafadhali njooni na madaftari.