Nilivyobebeshwa Msalaba Kituo cha Tano

Kikombe cha juisi ya komamanga katika mji wa kale wa Yerusalemu kilikuwa shekeli 20. Ukipiga hesabu ya shilingi zetu, kiu inaisha yenyewe. Nililipa huku nanung'unika, maana tangu alfajiri tulikuwa tukipanda na kushuka mawe yanayoteleza, na kiongozi wetu wa hija hajui neno kupumzika. Habari za Bethlehemu na Galilaya nawaachia waliopiga picha. Mimi yaliyonikuta yalinikuta kwenye kona ile ambapo Via Dolorosa, njia inayosemekana Yesu aliipita na msalaba wake, inaachana na barabara ya El-Wad na kuanza kupanda ngazi.

Hapo ndipo kituo cha tano cha Njia ya Msalaba. Ni kikanisa cha Wafransisko kilichobanwa na maduka, na juu ya mlango pameandikwa kwa Kilatini kwamba Simoni wa Kirene, yule mpita njia aliyeshurutishwa kumbebea Yesu, anatwishwa msalaba. Pembeni ukutani kuna jiwe lenye kishimo. Wanasema Yesu alijishikiza hapo alipoyumba, na viganja vya mahujaji vimelipapasa hadi likalainika.

Nimesimama na juisi yangu, wenzangu wametangulia, likaja kundi la watu wenye bendera ya Meksiko, wanaimba, wamejitwika msalaba wa mbao. Padri wao akaangaza huku na huku, macho yakatua kwangu. "Afrika! Simoni!" Akanivuta mkono, na kabla sijameza funda nilikuwa na mti begani. Mama mmoja akanipokea kikombe kwa heshima zote. Sikukiona tena.

Bega lilianza kuwaka kabla ya kituo cha sita. Wenye maduka hawakutugeukia hata kidogo, wameshazoea. Kijana mwenye toroli la mikate alitukaripia tumpishe, nasi na msalaba wetu tukajibana kwenye mlango wa duka la viungo mpaka akapita.

Nilikereka. Katika umati wote ule, kilichonichagua ni rangi. Kirene ni Afrika, sawa, magofu yake yapo Libya karibu na Shahat. Lakini ulikuwa mji ulioanzishwa na Wagiriki, na Wayahudi walikuwa wengi humo. Huenda Simoni alifanana zaidi na yule wa mikate kuliko mimi. Yohana hamtaji kabisa. Marko anasema alikuwa akitoka shamba, baba yao Iskanda na Rufo, basi. Hao watoto anawataja kama watu wanaojulikana kwa wasomaji wake.

Kigangoni kwetu hakuna anayeuliza Simoni alikuwa wa rangi gani. Ijumaa Kuu, kwa kuigiza Simoni, anatafutwa kijana wa bodaboda mwenye mabega, tena dakika za mwisho. Kuna mwaka alikuja na gambuti zenye tope kwa sababu alifuatwa shambani, na Mwenyekiti wa Kigango akamwambia akazivue. Nilipokuwa pale kwenye ngazi niliona bora angeachwa nazo.

Uani kwa Kanisa la Kaburi Takatifu, njia inapoishia, padri akanikumbatia, tukapigwa picha, wao wakaingia ndani. Msalaba ukaegemezwa ukutani.

Wenzangu niliwapata jioni hotelini. Kiongozi alinikaripia mbele ya watu wote. Nilipomweleza kwamba nilishurutishwa, alinidai nauli ya teksi aliyozungukia kunitafuta.