Namba 2.440945 na lebo za dagaa

Mama mmoja anayefungasha dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, ndiye aliyenifanya nifungue makro, yaani hatua zilizorekodiwa ili kompyuta izirudie yenyewe, na kuisoma. Lebo ya pakiti zake za robo kilo ina upana wa milimita 60, na oda yake hairuki mwezi. Zamani nilikuwa nanakili lebo kwenye CorelDRAW, programu ninayochorea, naisogeza, nanakili tena mpaka safu ijae. Kisha nikairekodi kazi hiyo: unaanza kurekodi, unafanya hatua zako, unasimamisha. Tangu hapo safu ikawa inajipanga kwa kubofya mara moja.

Alhamisi moja akaja na lebo ya nusu kilo, milimita 80. "Mwanangu, mzigo wa Dar unaondoka jioni."

"Nipe nusu saa, mama."

Makro ikazipanga lebo mpya zikalaliana, maana ilikuwa bado inatembea hatua za lebo ya zamani. Nikabonyeza Alt+F11, msimbo wa makro, yaani amri zake zilizoandikwa, ukafunguka. Kila mstari wa kusogeza ulikuwa na namba 2.440945. Sikuielewa. Nikaifuta, nikaandika 82, yaani upana 80 na nafasi 2. Nikaiendesha: lebo ya kwanza imebaki peke yake, nyingine hazionekani. Nilipobonyeza F4 ili nione kila kitu kilichomo, zikatokea kama punje za ulezi zilizotandazwa kwenye mstari mmoja, kila moja zaidi ya mita 2 kutoka kwa mwenzake.

Zile zilikuwa inchi. Zidisha 2.440945 kwa 25.4, unapata milimita 62, hatua yangu ya zamani. Msimbo usipoambiwa kipimo huhesabu kwa inchi, hata kama rula iliyo juu ya ukurasa inaonyesha milimita. Dawa ni mstari mmoja mwanzoni: ActiveDocument.Unit = cdrMillimeter. Siku ile niliuweka huo tu, na mzigo wa mama ukaondoka.

Usiku nilirudi kwenye ule msimbo. Badala ya 82 nikaandika ActiveSelection.SizeWidth + 2, ili makro iipime yenyewe lebo niliyoichagua. Hapo ndipo nilipoipenda kazi hii kweli. Kurekodi kunakupa mazoea ya siku moja. Ukiandika mwenyewe hata mstari mmoja, unaipa makro akili ya kukutana na lebo ambayo haijawahi kuiona. Nikaongeza pia BeginCommandGroup mwanzoni na EndCommandGroup mwishoni, ili nikikosea, Ctrl+Z moja irudishe safu nzima badala ya kurudisha lebo mojamoja.

Kuhusu kuzitunza, sikia kilichonipata. Mwaka jana kompyuta yangu ilipigwa window upya. Kazi za wateja nilizihamisha zote, lakini makro zangu zilikuwa kwenye faili la .gms, ndani ya folda ya mtumiaji kwenye diski C, nami sikuligusa. Zikaenda. Iliniuma, kwa sababu zilikuwa jioni zangu nyingi. Sasa za lebo zina faili lake, za kadi za harusi lake, na kila Jumamosi kabla ya kufunga nazinakili kwenye flashi inayokaa nyumbani, Nyegezi.

Kijana anayenisaidia aliniuliza juzi, "Dada, ya robo na ya nusu zinatumia makro hiihii?"

"Hiyohiyo. Wewe chagua lebo tu."

Akaichagua ya kilo moja, ambayo mama ndiyo kwanza ameileta. Safu ikajaa, nafasi milimita 2.