Printa ya lebo: nafasi iliyokataa kurudi

Hatimaye, baada ya wiki tatu za kubishana na printa yangu kuukuu ya lebo, jana usiku nimeona nafasi ya hifadhi ikiongezeka badala ya kupungua. Printa hii inaelewa ZPL, lugha ya amri za printa za lebo, huchapa nukta 8 kwa kila milimita, na kazi yake hapa Lindi ni lebo za pakiti za ufuta na korosho anazofungasha shemeji yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa langu mwenyewe. Kila lebo niliihifadhi kama picha nzima kwenye E:, yaani hifadhi ya kudumu iliyo ndani ya printa. Lebo ya milimita 60 kwa 40 ni nukta 480 kwa 320, sawa na baiti 19,200, na kwa kuwa tarehe ya kufungasha ilikuwa ndani ya picha hiyo hiyo, kila mzigo mpya ulidai picha nyingine. Nikahamia R:, ambayo ni kumbukumbu ya muda, mambo yakaenda vizuri hadi alasiri moja umeme ulipokatika na vyote vikafutika, shemeji akiwa na pakiti mkononi.

Lililonitesa hasa ni kufuta. Nilirudi E:, nikatuma amri ya ^ID, na faili likatoweka. Lakini kila nilipochapa orodha kwa ^WD, idadi ya baiti zilizobaki ilikuwa ile ile. Nilifuta mengine, nikazima na kuwasha, nikabadili hata waya wa USB (waya ulikuwa na kosa gani, sijui), nikamaliza lebo zaidi ya thelathini kwa kuchapa orodha tu. Kumbe ukifuta kitu kwenye R: nafasi yake huachiliwa, ilhali kwenye E: kitu hakipatikani tena lakini nafasi yake hubaki imeshikiliwa mpaka printa yenyewe iipange upya hifadhi yake. Sikuwa na subira ya kuingoja, hivyo nilisafisha E: yote kwa ^JB, na fonti zangu zikafutika pamoja na vingine, bahati nzuri nilikuwa na nakala nikazirudisha.

Sasa, mbali na fonti, E: ina nembo moja ya milimita 30 kwa 30, baiti 7,200, pamoja na kiolezo kimoja cha maandishi kisichofika baiti 1,000. Kiolezo nimekihifadhi kwa ^DF kikiwa na nafasi za ^FN za jina, uzito na tarehe, na kompyuta hukiita kwa ^XF ikituma maneno hayo matatu tu. Programu niliyokuwa nikichorea lebo nimeiacha, kwa sababu ilituma kila kitu kama picha. Amri naziandika kwa mkono kwenye Notepad.

Nilipanga leo nipunguze fonti, lakini shemeji ametaka lebo ya kashata ya milimita 40 kwa 25, ambayo nembo yangu haiwezi kuingia. Amri ya ^XG, inayoita picha iliyohifadhiwa, hukuza picha wala haipunguzi, basi nimehifadhi nembo ya milimita 15, baiti 1,800, nikaikuza mara mbili kwa lebo kubwa. Kingo zimetoka kama ngazi. Fonti zitasubiri, kwanza nainyoosha nembo hiyo nukta kwa nukta.