Nilimwambia ni baridi, kumbe ni kunguni

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alifika huku katikati ya majira ya baridi akalala kwenye kochi langu wiki tano akisubiri chumba. Wiki ya pili akaanza kujikuna. Mikono, shingo, kiunoni pale fulana inapopanda mtu akilala. Nikampa jibu ambalo sisi tuliokaa ughaibuni muda mrefu huwapa wote waliofika juzi: "Ni baridi hiyo. Ngozi inakauka, hita inanyonya unyevu wote wa ndani. Paka mafuta." Akapaka. Akaendelea kujikuna. Nikamletea chupa kubwa zaidi.

Kilichonipa jeuri ni kwamba mimi sikuwa na alama hata moja. Kama kuna mdudu humu, nikawaza, mbona mimi hanigusi? Swali lenyewe lilikuwa bovu. Kuna watu wanaong'atwa na kunguni usiku kucha na ngozi yao haisemi kitu. Wengine alama hujitokeza baada ya siku kadhaa, hata wiki mbili, hasa kama ndiyo mara yao ya kwanza. Mdudu anakula kimyakimya kwa dakika tano hadi kumi hivi, anashiba, anaondoka, na wewe hujageuka hata ubavu. Mwasho ni malalamiko ya mwili baada ya tukio, na ipo miili isiyolalamika. Wawili wanaweza kulala kitanda kimoja, mmoja akaamka kama aliyemwagiwa upupu, mwenzake akamwona anadeka.

Ndiyo maana siku hizi mtu akinitumia picha ya mkono wake na kuniuliza "huyu ni kunguni?" nakataa kujibu. Wengi huapa kwamba alama tatu zilizojipanga mstari ni saini yake. Mara nyingine ni kweli, lakini mbu, viroboto na mzio wa sabuni mpya vinaweza kuchora picha hiyohiyo. Mdogo wangu alikwenda kwa daktari akaandikiwa krimu ya mzio, na daktari simlaumu. Ngozi peke yake si ushahidi. Ushahidi uko pale unapolala.

Nilikutana nao siku nilipovua kitambaa cha kochi ili nikifue. Kwenye mshono wa nyuma kulikuwa na vidoa vyeusi, kama mtu amegusisha ncha ya kalamu ya wino mzito akanyanyua, akagusisha tena. Nikadhani ukungu. Nikapitisha kitambaa chenye maji, vikachuja rangi ya kutu. Ukungu hauchuji hivyo. Kile ni kinyesi cha kunguni, yaani damu iliyokwisha kusagwa. Na humo ndani wa kutoa damu tulikuwa wawili tu.

Nikachukua tochi na kadi yangu ya basi iliyokwisha muda, nikapitisha ukingo wa kadi ndani ya mshono. Wakatoka. Aliyekomaa ana urefu wa milimita 5 hadi 7, umbo na rangi ya mbegu ya tufaha, bapa kama aliyekanyagwa. Akishashiba hubadilika kabisa: anavimba, anarefuka, anakuwa mwekundu, unaweza kudhani ni mdudu mwingine. Wanaotupita machoni ni watoto. Akitoka kwenye yai hazidi milimita moja na nusu na amepauka kiasi cha kupotelea kwenye kitambaa, mpaka ale ndipo uone kitone chekundu kinatembea. Mayai ni meupe, milimita moja hivi, yamegandishwa mafichoni na hayapangusiki kirahisi. Kuna pia maganda, mepesi kama pumba. Kunguni hujivua ngozi mara 5 kabla ya kukomaa, na kila mara lazima apate damu kwanza, kwa hiyo ukiona maganda ya ukubwa tofauti ujue hujapata mgeni mmoja; umepata familia inayolea. Watu husema pia habari ya harufu, tamu-tamu na ya kuvunda kidogo. Ipo kweli, lakini ukiisubiri harufu ndipo uamini, umechelewa mno.

Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako walimsema chawa. Kunguni hakai mwilini wala kwenye nywele. Anakuja, anakula, anarudi kwake, na kwake ni karibu na kichwa chako: mishono ya godoro, maungio ya chaga, matundu ya skrubu kwenye ubao wa kichwani, nyuma ya fremu ya picha, ndani ya kifuniko cha soketi. Wengi hawavuki mita mbili kutoka anapolala mtu. Hana mabawa, haruki kama kiroboto, ila penye upenyo wa kuingia kadi ya benki anaingia yeye na ukoo wake.

Sasa aibu. Niliificha habari hii siku tatu. Nilisafisha nyumba usiku kama mtu anayefuta alama za vidole. Kichwani mwetu kunguni ni mtoto wa uchafu, na mtu aliyevuka bahari kutafuta maisha hataki isemwe kwamba huko aliko amelala na kunguni. Lakini mdudu huyu hali taka. Anakula damu, na damu ya anayedeki mara mbili kwa siku ina ladha ileile. Mabaki yake yamekutwa Misri, kwenye makazi ya wafanyakazi wa Amarna ya zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kwamba ukoo wake ulikuwepo zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, dinosaria wakiwa bado wanatembea. Huyo amewaona wengi wasafi kuliko mimi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, dawa ya kuulia wadudu iitwayo DDT ilimpunguza sana katika nchi tajiri mpaka vizazi vizima vikakua bila kumjua, kisha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 akarudi kwa kishindo, mpaka kwenye hoteli za kifahari. Fujo na vitu vilivyorundikana vinamwongezea maficho, hilo nakubali. Ila kumleta, anakuja na safari na anakuja na samani.

Kwangu nina washukiwa wawili. Kochi lenyewe nililiokota kando ya barabara, jioni, likiwa zuri mno kuachwa, nami nikajipongeza badala ya kujiuliza kwa nini limeachwa. Mshukiwa wa pili ni begi langu la safari. Mwezi mmoja kabla nililala nyumba ya wageni, nguo chafu nikazitupa sakafuni kando ya kitanda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walijaribu jambo hilo mwaka 2017: wakaweka mifuko ya nguo safi na ya nguo zilizovaliwa kwenye chumba chenye kunguni, na wadudu wakakusanyika zaidi kwenye zile zilizovaliwa, zenye harufu ya mtu. Unaondoka na abiria kwenye soksi.

Nilipoanza kupambana nilifanya kila lisilofaa. Nilihamia kulala sebuleni kwenye sakafu, nikijiona nimewakomesha. Kunguni anafuata hewa unayoitoa puani na joto la mwili wako. Ukihama, unampa sababu ya kuhama naye, na nyumba nzima inakuwa yake. Kumnyima chakula pia ni ndoto, anaweza kukaa miezi bila mlo, na kwenye ubaridi anavumilia zaidi. Nikanunua lile kopo la dawa la kulipua katikati ya chumba, unafunga mlango unatoka. Moshi wake haupenyi kwenye mishono waliko wao. Chuo Kikuu cha Ohio State kilizijaribu dawa za namna hiyo kwa kunguni waliokusanywa kwenye makazi ya watu na mwaka 2012 kikachapisha kwamba karibu hazikuwafanya kitu. Tena dawa nyingi za dukani ni za jamii inayoiga sumu ya ua la pareto, na kunguni wengi wa leo wameshakuwa sugu kwake. Mwenzangu mmoja akanishauri spiriti na mafuta ya taa. Nashukuru sikumsikiliza, watu wamechoma nyumba kwa njia hiyo.

Halafu kuna hii ya baridi, ambayo ni yetu sisi wa ughaibuni: "Toa godoro nje usiku mmoja, theluji itawamaliza." Nililitoa. Friza inaua kweli, lakini iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, siku 4 mfululizo, na ubaridi uwe umefika mpaka katikati ya kitu. Usiku mmoja kibarazani ulimaliza mgongo wangu tu.

Kinachomshinda ni joto. Nyuzi joto 50 na kuendelea hazivumilii, yeye wala mayai yake. Kwa hiyo kila kitambaa ndani ya nyumba, mapazia yakiwemo, kiliingia kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa palepale chumbani, kisha mashine ya kukausha kwa moto wa juu nusu saa nzima, kisha mfuko mwingine mpya. Ule wa zamani ukatupwa nje. Kukausha ndiko kunakoua kuliko kufua, kwa hiyo hata koti lisilofulika unaweza kulikausha likiwa kavu, mradi kitambaa chake kinastahimili moto huo. Viatu na vitabu vikaenda kwenye friza kwa zamu. Mishono nikaipitisha kifyonza vumbi chenye mdomo mwembamba, na mfuko wa vumbi nikaufunga na kuutoa siku hiyohiyo, maana humo ndani wako hai. Godoro nikalivisha mfuko wa zipu unaofunika pande zote, nao unakaa mwaka mzima au zaidi bila kufunguliwa, waliomo wafie humo. Kitanda nikakivuta mbali na ukuta, kila mguu nikauweka ndani ya kikombe cha mtego, aina ile ambayo mdudu anapanda nje na akitumbukia ndani hawezi kutoka kwa utelezi. Kochi likaenda jalalani, nami nikalichana kwa kisu na kuliandika KUNGUNI kwa herufi kubwa, asije mwingine akajipongeza kama mimi.

Yote hayo yalipunguza. Kumaliza kulihitaji mtu wa dawa, na mtu wa dawa alihitaji mwenye nyumba, na mwenye nyumba alihitaji kuambiwa. Nilimwandikia, nikaambatanisha picha na tarehe. Jibu lake la kwanza lilinitaka nieleze ninavyofanya usafi. Nikamwandikia tena, taratibu, kwamba kwenye jengo la ghorofa kunguni wanapita kandokando ya mabomba na nyaya, na kutibu mlango mmoja bila kukagua majirani ni kumsogeza tu. Ilipokaguliwa, jirani wa upande wa jiko alikuwa nao. Mzee wa watu hakuwa na alama hata moja. Mtu wa dawa alikuja mara tatu, wiki mbili kati ya kila safari, kwa sababu mayai hupona pale wazazi wanapokufa, na yanaanguliwa ndani ya siku 10 hivi. Asiyerudi mara ya pili anakuachia vifaranga.

Sasa nina desturi ambazo wageni wangu wanazicheka. Begi la safari haliingii chumbani. Linafunguliwa bafuni, penye vigae vyeupe, nguo zinakwenda moja kwa moja kwenye mashine. Nikifika hotelini, mzigo unabaki bafuni mpaka nimeinua shuka pembe zote nne za godoro na kumulika nyuma ya ubao wa kichwani. Kitu cha mtumba chenye kitambaa naogopa. Cha mbao au chuma nakikagua kila tundu la skrubu. Vikombe vya miguu ya kitanda navimulika kila Jumamosi, hata leo.

Kulikuwa na simu za kupiga katika wiki ileile ya kwanza. Watu watatu walikuwa wamelala kwenye lile kochi mwaka huo. Wa kwanza alinishukuru. Wa pili alinuna, akakata. Mdogo wangu nilimweka mwisho kwa sababu ndiye niliyemwogopa. Alishahamia chumbani kwake siku kumi zilizopita, na begi lake, na blanketi langu.

"Ile haikuwa baridi," nikamwambia.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Dada, na yale mafuta yote?"

Nikamwomba awashe video, achukue tochi, ainue shuka upande wa kichwani. Tukatazama mshono pamoja, yeye huko, mimi huku. Pembe ya kwanza safi. Pembe ya pili nikamwambia arudi nyuma kidogo, asogeze simu. Vidoa vitatu.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwake na mifuko ya plastiki, tochi, na kadi yangu ya basi.